Mdoli, ambu na mwaka niliopata sapu

Kengele ya kituo cha nne cha mtihani wa vitendo ilipolia, nilikuwa najua kila kitu. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililonisumbua muda mrefu baadaye. Ungeniamsha saa nane za usiku ningekutajia hatua zote za kumsaidia mtoto mchanga asiyelia, kwa mpangilio wake, mpaka idadi ya pumzi kwa dakika. Kwenye mtihani wa kuandika wa somo hilohilo nilikuwa wa tatu darasani. Nikaingia, nikasalimia, nikasoma karatasi iliyobandikwa mezani: mimba ilikuwa ya miezi tisa, mtoto amezaliwa sasa hivi, halii, amelegea.

Mbele yangu palikuwa na mdoli wa ukubwa wa mtoto mchanga, vitenge viwili, kofia, kile kifaa cha mpira cha kunyonyea ute tunachokiita pengwini kwa umbo lake, na ambu, ule mfuko wa kuminya wa kumsukumia mtoto hewa mapafuni, yenye maski mbili. Nikamkausha. Nikamsugua mgongo. Hapumui. Nikachukua ambu, nikaweka maski usoni, nikaminya. Kifua hakikuinuka. Nikaminya tena kwa nguvu zaidi, kisha kwa haraka zaidi. Msimamizi alikaa pembeni na kalamu yake, kimya, kama utaratibu unavyomtaka. Kichwani mwangu kulikuwa na neno moja tu linalojirudia: nimeshaharibu, nimeshaharibu. Niliendelea kuminya hewa isiyokwenda popote mpaka kengele ikalia tena. Sikurekebisha maski, sikugusa kichwa, sikufungua kinywa. Na yote hayo yalikuwa kwenye daftari langu, kwa wino mwekundu.

Ilikuwa Julai 2021, mwaka wangu wa pili wa stashahada ya uuguzi na ukunga. Mtihani wenyewe ni ule wa vituo ambao wanafunzi wa afya huuita oski: unazunguka kutoka meza hadi meza, kila meza ina kazi yake na dakika zake, na anayekupima ana orodha ya hatua mkononi. Ulianzia Dundee, Scotland, mwaka 1975, kwa daktari aitwaye Ronald Harden, aliyetaka wanafunzi wote wapimwe kwa kipimo kimoja. Nimewahi kusikia watu wakiulaani mtihani huu kwamba unaonea. Mimi haukunionea. Ulinionyesha mtu niliyekuwa.

Matokeo yalitoka wiki mbili baadaye. Sapu: nimeshindwa, nirudie mtihani.

Niseme na gharama, maana mara nyingi watu hawazisemi. Kulikuwa na ada ya kurudia mtihani, na kulikuwa na wiki tano za likizo ambazo ilinibidi nibaki mjini kwenye chumba cha kupanga, nikila kwa mama lishe, wakati wenzangu wameshapanda mabasi kurudi makwao. Hela hiyo ilitoka kwenye magunia mawili ya mpunga ambayo mama alikuwa ameyaweka akisubiri bei ipande mwezi wa kumi na mbili. Aliyauza Agosti, bei ikiwa chini. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kwenye simu, "Sasa baba, hicho ulichoshindwa ni kigumu kukielewa au?" Nikamwambia hapana mama, ninakielewa. Akanyamaza kidogo, akasema sawa. Kile kimya chake kilinikaa kuliko matokeo yenyewe.

Siku ya tatu baada ya matokeo, mwalimu wetu wa ukunga aliniita ofisini. Nilikwenda na maelezo tayari: wanafunzi 84, midoli mizima miwili, wa tatu umetoboka na hauingizi hewa, mwalimu akionyesha zoezi mara moja, watano walio mbele wanajaribu, kipindi kimekwisha. Hayo yote yalikuwa kweli. Hakuniacha hata niyaseme. Alikuwa na daftari langu la vitendo mezani, lile linalotaka saini kwa kila zoezi ulilofanya.

"Zoezi hili lina saini kumi," akasema. "Nionyeshe ile ya tatu. Ilikuwa siku gani, na ulikosea wapi?"

Sikuwa na jibu. Katika zile saini kumi, mbili ndizo nilizozifanyia kazi kwa mikono yangu. Nyingine nilikuwa nimesimama nyuma nikiangalia, au sikuwepo kabisa na mwenzangu alilipitisha daftari langu pamoja na lake. Tulikuwa tunafanya hivyo wengi, tukiona ni kusaidiana.

"Aliyefanya hukumbuka alipokosea," mwalimu akasema. Kisha akanisogezea kitabu kingine, kidogo, chenye jalada la bluu. Kilikuwa kitabu cha ufunguo wa maabara ya vitendo. Ufunguo ulikuwa unakaa kwa mlinzi. Mwanafunzi yeyote aliruhusiwa kuuchukua jioni mpaka saa mbili usiku, akiandika jina. Kwa mwaka mzima darasa letu lilikuwa na majina manne humo. Langu halikuwemo. Sikujua hata kama kitabu hicho kipo, na nilipotaka kusema hivyo nikatambua kwamba tangazo lake lilikuwa ukutani pale ninapopanga foleni ya chakula kila siku.

Hapo ndipo aliponisimulia habari ya Haydom, na ndiyo ninayowasimulia mimi sasa wanafunzi wanaokuja kwetu. Haydom ni hospitali ya Kilutheri huko Mbulu, mkoani Manyara, mbali na barabara kuu. Mwaka 2010 wahudumu wa pale walipata mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, yale yaliyosambaa dunia nzima na yenye wazo la dakika ya dhahabu: mtoto asiyepumua awe ameanza kupewa hewa kabla dakika moja haijatimia tangu azaliwe. Walifundishwa kwa midoli kama yetu. Miezi ilipopita wakapimwa. Kwenye mdoli walikuwa wamepanda wazi. Leba, kwa watoto wenyewe, mambo yalikuwa yaleyale ya zamani. Mafunzo yalibaki chumbani.

Hawakuleta tena semina ndefu. Kuanzia mwaka 2011 waliweka mdoli palepale leba, na wahudumu wakawa wanafanya zoezi la dakika tatu hadi tano, mara kwa mara, wiki kwa wiki, kila mmoja kwa mikono yake. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 kwa kila watoto 1,000 hadi 7.2. Mdoli ulikuwa uleule na somo lilelile. Kilichobadilika ni kwamba mkono ulirudi kwenye kazi kila wiki.

"Wewe una siku moja ya semina kichwani," mwalimu akaniambia. "Nenda kachukue ufunguo."

Wiki ya kwanza niliipoteza, na naomba mwanafunzi anayesoma hapa alitazame kosa hili vizuri kwa sababu linafanana sana na bidii. Nilichukua ufunguo kila jioni. Nilikaa na mdoli saa mbili mfululizo, peke yangu, nikirudia zoezi mara thelathini, arobaini. Nilitoka na mkono unauma na moyo umeridhika. Jumamosi alipita mwanafunzi wa mwaka wa tatu, dada mmoja aliyekuwa akifuata fulana yake aliyoisahau, akasimama mlangoni akaniangalia. Akaniuliza, "Mbona umemkunja shingo hivyo?" Nilikuwa nimeinua kichwa cha mdoli kupita kiasi, nyuma kabisa, na ili hewa ipite nilikuwa naminya ambu kwa nguvu zisizofaa kwa mapafu ya mtoto. Mara mia mbili nilikuwa nimejifunza kukosea kwa ustadi. Ilinichukua siku nne kuifuta ile shingo mkononi mwangu.

Kujiongoza, yaani kujisimamia mwenyewe katika kujifunza, nilikuwa nimekuelewa kama kujifungia. Sivyo kabisa. Sehemu kubwa ya kujiongoza ni kuamua ni nani atakuwa jicho lako pale ambapo jicho lako halifiki, na kumwendea mwenyewe bila kusubiri uitwe. Nilimwomba yule dada, akakubali kwa Jumanne na Alhamisi. Nikampata na mwenzangu mmoja wa sapu, kijana kutoka Kigoma aliyekuwa ameangushwa na kituo cha kutokwa damu baada ya kujifungua. Tukawa watatu.

Utaratibu wetu ulijijenga taratibu. Zoezi halikuzidi dakika tano. Mmoja anafanya, mmoja anashika saa na orodha ya hatua, mmoja anaangalia mikono tu. Kisha tunakaa chini, na anayefanya ndiye anayeanza kusema: nilifanya nini, nilikuwa nafikiri nini pale niliposita, nini ningebadilisha. Wengine hawaruhusiwi kusema "umekosea". Wanasema walichoona: "Sekunde ya 48 ulikuwa bado unatafuta maski." Mwanzoni niliona ni maneno matupu, lakini mazungumzo hayo baada ya zoezi ndiyo yaliyonifundisha kuliko zoezi lenyewe. Mikono hukosea kwa sababu fulani, na sababu hiyo haionekani kwenye orodha ya hatua. Mimi, kwa mfano, nilikuwa nasita kila mara palepale: kifua kisipoinuka. Nilikuwa sijui kwamba nasita. Saa ndiyo iliyosema. Sekunde tisa, sekunde kumi na moja, ninamwangalia mdoli.

Yule dada akaniuliza, "Hapo unajiambia nini?"

Nikamwambia ukweli. Nimeshaharibu.

Baadaye, kwenye somo la uongozi na menejimenti mwaka wa tatu, nilikuta kwamba kuna watu wameandika juu ya jambo hili kwa jina. Mwaka 1986 mtaalamu wa Marekani, Charles Manz, alitoa andiko linaloeleza jinsi mtu anavyojiongoza mwenyewe, na waliomfuata wakaligawa jambo hilo katika sehemu tatu: namna unavyopanga na kufuatilia matendo yako, namna unavyotafuta utamu ndani ya kazi yenyewe, na namna unavyosema na nafsi yako. Nilipolisoma nilikaa kimya darasani, maana ile ya tatu nilikuwa nimeilipia kwa magunia mawili ya mpunga.

Tulichofanya sisi kilikuwa kidogo. Tulibadilisha ile sentensi. Badala ya "nimeshaharibu" nikaweka swali la neno moja, na nikawa nalitamka kwa sauti: "Kifua?" Swali lina jibu, na jibu lina kazi. Kifua hakiinuki: narudisha maski, iguse kidevu na ifunike kinywa na pua bila kuziba macho. Kifua? Bado: naweka kichwa sawa, kama anayenusa. Kifua? Bado: naangalia ute, nafungua kinywa kidogo, naminya kwa nguvu kidogo zaidi. Kutamka kwa sauti kunaonekana kama jambo la kitoto, lakini kulinitoa kwenye kuganda, na kulikuwa na faida nyingine niliyokuja kuiona wodini: aliye karibu nawe anajua uko wapi na anaweza kukusaidia.

Wapo walionicheka. "Bado unacheza na midoli?" lilikuwa neno la bweni zima mwezi ule, na kwa mwanaume kwenye ukunga linauma zaidi. Sikuwa na la kuwajibu wakati huo. Ningekuwa nalo leo: wauguzi wamekuwa wakijifunza kwa mdoli tangu mwaka 1911, hospitali ya Hartford huko Marekani ilipomwagiza fundi wa wanasesere, Martha Chase, awatengenezee mdoli wa ukubwa wa mtu mzima, ili wanafunzi wajifunze kugeuza na kuvisha wagonjwa bila kuwaumiza wagonjwa wenyewe. Sababu ile ya 1911 haijazeeka. Kosa langu la shingo nililifanya kwa mdoli wa mpira. Kama nisingelifanya kwa mpira, ningelifanya kwa mtoto wa mtu.

Kuna jioni moja ambayo bado inanigusa. Tulikuwa tunafanya zoezi la kujifungua na kutokwa damu, kwa ajili ya yule mwenzetu wa Kigoma. Kuna mdoli wa aina yake kwa kazi hiyo: anauvaa mtu tumboni kama begi, una mfuko wa damu bandia yenye bomba dogo la kufungulia, na aliyeuvaa ndiye anayekuwa mama mjamzito. Yule dada aliuvaa. Zamu yangu ilikuwa kuzalisha. Nilizalisha, nikamkausha mtoto, nikatoa oksitosini, sindano ya kuzuia mama asitokwe damu nyingi, uniti 10 kwenye msuli wa paja ndani ya dakika moja, nikatoa kondo, nikakagua, nikapima damu. Saa ilionyesha kila kitu kwa wakati. Nilikaa nikiwa na furaha ya wazi kabisa.

Ikafika zamu ya aliyekuwa mama kusema. Akasema, "Umenichoma sindano sijui ya nini. Mtoto amelia, sijaambiwa ni wa kike au wa kiume. Umenikandamiza tumbo bila kuniambia. Mdogo wangu, hujanitazama usoni hata mara moja."

Hakuwa amekasirika. Alikuwa anaeleza alichohisi akiwa amelala pale na bomba la damu mkononi. Orodha ya hatua tuliyoitumia ilikuwa na mstari wa "msalimie mama na mweleze", na nilikuwa nimeupitisha kwa "shikamoo mama" pale mwanzo. Tulirudia. Mara ya pili nilikuwa mzito, maneno yananigonga, nikachelewa sindano kwa nusu dakika. Mara ya tano nikaweza kuongea na mikono ikiendelea. Mimi ni mwanaume. Mama wengi wakiniona na sare nyeupe huniita dokta na wananyamaza. Bila ile jioni ningedhani kunyamaza kwao ni kuridhika.

Mambo madogo yaliyosaidia nitayasema kwa kupita. Niliandika kila zoezi kwenye daftari la kawaida la shule, mstari mmoja: tarehe, sekunde ya pumzi ya kwanza, kosa moja. Kosa moja tu, kwa sababu nikiandika matano kesho yake sikumbuki hata moja. Niliweka simu juu ya kabati nijirekodi video, nikaifuta baada ya kuitazama. Na tulijaza mdoli maji. Ile midoli ya watoto wachanga imetengenezwa ijazwe maji ili iwe na uzito na ulegevu wa mtoto. Chuoni kwetu ilikuwa inakaa mitupu kwa sababu hakuna aliyetaka kazi ya kujaza na kumwaga. Mdoli mtupu ni mwepesi kama mpira wa ufukweni, unakudanganya mikono. Ukiujaza maji ya vuguvugu, kichwa kinaangukia nyuma kama cha mtoto kweli, na utaogopa kidogo. Hofu ile ndogo unaihitaji ukiwa bado maabara.

Kuna makosa ambayo sikuyaona mapema. Nililala vibaya wiki zile na nikaacha kula vizuri ili hela itoshe. Wiki ya nne niliumwa malaria na kupoteza siku tano. Mtu anayejiongoza ana mwili mmoja tu wa kuuongoza, nami niliutendea kana kwamba ni wa mtu mwingine. Pia nilitumia muda mwingi mno kwenye kituo kilichoniangusha, nikaviacha vingine. Sapu ilinipitisha, lakini kwenye kituo cha kupima shinikizo la damu, kitu nilichokidharau, nilipata alama ya kubahatisha.

Nilipita, kwa hiyo. Yule wa Kigoma naye alipita. Nilimpigia mama, akasema "Alhamdulillahi," kisha akaniuliza kama nimekula.

Februari 2022 tulipelekwa kwenye mafunzo ya vitendo katika hospitali ya wilaya, na usiku wangu wa pili leba nilifanya jambo ambalo hakuna aliyeniagiza. Nilipopokea zamu nilitafuta ambu. Ilikuwa kabatini ndani ya mfuko, maski namba 1 haipo. Niliikuta kwenye ndoo ya vifaa vilivyooshwa, chini kabisa. Nikaitakasa, nikaunganisha, nikaminya dhidi ya kiganja changu kuona kama inashika hewa, nikaiweka juu ya meza ya mtoto pamoja na vitenge viwili vikavu. Sista wa zamu aliniangalia, hakusema kitu.

Saa tisa usiku alijifungua mama aliyekuwa ametoka mbali kwa bodaboda. Uchungu ulikuwa umechukua muda mrefu. Mtoto alitoka amelegea. Sista alikuwa na kazi ya mama, damu ilikuwa inakuja, akaniambia bila kugeuka, "Kijana, mtoto wako."

Mtoto kweli ana majimaji, anateleza, ana rangi ambayo mpira hauna. Chumba kina sauti za watu. Hayo hakuna mdoli unaokupa. Nilimkausha, nikamsugua, hakuna. Kitovu kikakatwa, nikamweka mezani, nikaweka maski, nikaminya, kifua hakikuinuka. Nakumbuka vizuri kwamba lile neno la zamani lilikuja. Lilikuja hadi mdomoni. Nikasema "Kifua?" kwa sauti, na sista kutoka kule alikokuwa akajibu, "Rudisha maski." Nikairudisha, nikakamata kidevu. Kikainuka. Nikahesabu pumzi kwa mwendo wa arobaini kwa dakika. Sijui ilichukua muda gani. Sista alisema baadaye ni kama dakika mbili. Mtoto alikohoa, akakunja uso, akalia.

Nilimgeukia mama nikamwambia, "Mama, ni wa kike. Alichelewa kupumua, nimemsaidia, sasa unamsikia mwenyewe." Kisha nilikwenda chumba cha kuoshea vifaa nikashika sinki kwa mikono yote miwili mpaka ikaacha kutetemeka.

Nisiishie hapo kana kwamba ndivyo inavyokuwa siku zote. Aprili, zamu ya usiku pia, mtoto mwingine hakuitikia. Tulifanya kila hatua, mimi na sista huyohuyo, na kifua kilikuwa kinainuka vizuri tangu mwanzo. Alikwenda. Hilo hakuna jioni ya maabara iliyonitayarisha nalo, na nadhani vyuo vyetu vinapaswa kulifundisha: namna ya kusimama mbele ya mama na kumwambia, na namna ya kurudi kesho yake. Saa kumi na mbili asubuhi sista alichemsha chai, akavuta viti viwili, akaniambia, "Haya, anza wewe. Tulifanya nini?" Tulipitia yote, dakika kwa dakika, kama tulivyokuwa tukifanya na wenzangu maabara. Hatukupata kosa. Nililia. Alininyamazia mpaka nikamaliza, kisha akanionyesha namna ya kuandika taarifa.

Sasa ninafanya kazi. Nilifanya mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, nikasajiliwa, na niko leba ya hospitali nyingine. Februari 2025 niliposoma matokeo ya mpango wa uzazi salama uitwao Safer Births, uliofanyika katika hospitali na vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, kwa takriban kinamama 300,000 na watoto wao, nilimtumia yule mwalimu ujumbe. Vifo vya kinamama vilikuwa vimeshuka kwa karibu robo tatu, na vya watoto ndani ya saa 24 kwa asilimia zipatazo 40, na katikati ya yote hayo palikuwa na mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini. Alinijibu kwa swali: "Na nyie mnafanya lini?"

Tunafanya Jumanne, saa nane mchana, wakati zamu mbili zinapokutana. Siyo kila Jumanne. Kuna wiki leba imejaa na hakuna anayeweza kusimama, na kuna wiki niko peke yangu na mwanafunzi mmoja. Niliomba tupewe mdoli, ikachukua miezi saba. Unakaa kwenye ndoo ya bluu yenye mfuniko chini ya meza ya dawa, na juu ya mfuniko kuna daftari la shule ambalo kila mtu anaandika mstari wake mmoja.

Wiki iliyopita walikuja wanafunzi watatu wapya wa mwaka wa pili. Nilipofika saa nane kasoro, mmoja wao alikuwa ameshautoa mdoli kwenye ndoo, amechemsha maji kwenye birika la chai, anayachanganya na ya bomba na kuyapima kwa kiwiko kabla ya kuyamimina. Alikuwa ameshaandika jina lake na tarehe kwenye daftari, nafasi ya kosa akaiacha wazi.